Kwa Pini Tu

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Katindo,
nafunika cherehani kwa kitenge kilichochoka,
navuka barabara ya mawe meusi ya mlima
hadi darasa la Mwalimu Zihalirwa,
ambalo mchana ni duka la saruji.
Tunakaa juu ya mifuko.
Ukisimama kujibu, nyuma yako pana vumbi la kijivu,
na wenzako wanacheka
kabla hujasema neno lolote la Kiingereza.

Leo kitenzi ni kimoja: luk.
Kinachosumbua, anasema mwalimu, ni kile kidogo cha nyuma.
Luk at, unaangalia.
Luk fo, unatafuta.
Luk afta, unatunza.
Kuna na cha kudharau, kirefu, tutakiona Alhamisi.

Mimi ni fundi wa nguo, naelewa kwa vidole.
Kiswahili chetu kinashona:
tafuta, tafutia, tafutiana, tafutika,
uzi unapita ndani, huoni mahali kilipoungwa.
Funga, kisha fungua:
sauti moja imeingia kwenye pindo
na mlango umegeuka.
Wao hawashoni. Wanabandika kwa pini.
Pini ikidondoka njiani,
umefika sherehe na nguo ya mtu mwingine.

Muhindo, yule wa chukudu, akauliza habari ya gou of.
Taa ikigou of?
Imezimika.
Kengele?
Inalia.
Maziwa?
Yamechacha.
Na bomu, mwalimu?
Mwalimu akatazama chaki yake.
Linalipuka.
Muhindo akahesabu kwa vidole, taratibu,
kama anayedai chenji:
Basi kwao kuzimika na kulipuka ni neno moja.
Hapo hakuna aliyecheka.
Mwalimu akafuta ubao kwa kiwiko cha koti.

Jumanne nilikwenda Himbi kuomba kazi
kwenye kituo cha watoto.
Kiti kilikuwa safi mno, nikakaa pembeni yake.
Mama mwenye miwani akaniuliza nina uzoefu gani.
Nilikuwa nimeikariri usiku kucha, hata nikipiga pasi:
nimetunza watoto wa marehemu dada yangu,
Asifiwe na Ombeni, miaka minne.
Pini ikadondoka.
Nikasema nimewatafuta.
Miaka minne, nimewatafuta.

Yule mama akaweka kalamu chini.
Uliwapata?

Nilifungua mdomo nisahihishe.
Lakini nikauona usiku ule mlima ulipopasuka,
anga nyekundu kama ndani ya jiko,
watu wote wa mtaa wetu wakielekea Sake na magodoro kichwani.
Mkono wa kulia nilikuwa na Asifiwe.
Wa kushoto nilikuwa na kiatu.
Kiatu tu.
Niliuliza kanisani, niliuliza shuleni,
niliuliza chini ya malori,
nikikionyesha kile kiatu kama kitambulisho.
Siku ya tatu nikamkuta kwa muuza sambaza,
anakula kiazi cha moto, amenuna:
Mama mdogo, umechelewa.

Nikamjibu yule mama: Ndiyo, niliwapata.
Sikusahihisha kitu.
Akaandika, sikuona nini.

Mpaka leo hawajapiga simu.
Ombeni anavaa viatu vya namba kubwa sasa,
anavifunga mwenyewe, vibaya,
na bado usiku naamka kugusa kama miguu ni minne.
Hicho ndicho nisichojua nikiweke mstari gani wa daftari:
mtu unayemtunza
kwa sababu hujaacha kumtafuta.

Alhamisi mwalimu anasema, Kavugho,
tupe sentensi yenye luk afta.
Nasimama. Vumbi la saruji. Wanacheka.
Nabana midomo kama niko kazini,
pini tano kati ya meno,
na fundi yeyote atakwambia:
ukiwa hivyo, husemi haraka.